Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar aliyeanza kwa kuimbia umati wa wengine

Katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wageni kutoka pembe zote za dunia husimama mbele ya nyumba moja iliyoko Barabara ya Kenyatta na kuupiga picha mlango wake. Tangu mwaka 2019 nyumba hiyo ina makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza. Wengi wa wageni hao wanamkumbuka kwa taswira moja tu: mwanamume mwenye masharubu, ngumi yake ikiwa juu, na mbele yake maelfu ya mikono ikiinuka na kushuka kwa amri yake.

Taswira hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mwishoni mwa safari. Kabla ya umati ule kuwa wake, mzaliwa huyo wa Zanzibar alipanda majukwaani mara nyingi mbele ya watu ambao hawakuja kumwona yeye. Walikuwa wamelipa tiketi kwa ajili ya watu wengine, naye aliwekwa mbele ili kupisha muda. Huko ndiko alikojifunza kazi yake, na huko ndiko alikopata majeraha ambayo hakuyasahau.

Kutoka Shangani hadi Panchgani

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wakati visiwa hivyo vikiwa na Sultani wake chini ya himaya ya Uingereza. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu, na mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, jamii yenye asili ya Uajemi iliyoishi Gujarat nchini India kwa karne nyingi, kabla ya baadhi yao kuvuka Bahari ya Hindi kutafuta riziki katika pwani ya Afrika Mashariki.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, Farrokh alipelekwa India, katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani, mji wa vilimani usio mbali sana na Bombay. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Huko pia alijifunza piano, na pamoja na wanafunzi wengine wanne akaunda kundi lililoitwa The Hectics, lililopiga nyimbo za roki zilizovuma wakati ule kwenye redio. Mwimbaji mkuu alikuwa mwanafunzi mwingine. Yule ambaye baadaye sauti yake ingejaza viwanja vya mpira alikaa pembeni, kwenye piano, akimwangalia mwenzake akipokea makofi.

Alirejea Zanzibar mwaka 1963. Tarehe 12 Januari mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, na katika mwaka huo huo wa 1964 familia ya Bulsara iliondoka kisiwani na kuhamia Uingereza. Walipata makazi Feltham, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17, kijana mwenye haya aliyejikuta katika nchi ya baridi ambako hakuna aliyemjua.

Mtazamaji asiyenyamaza

Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing. Katika miaka hiyo alivutiwa mno na mpiga gitaa Mmarekani, Jimi Hendrix, aliyekuwa ameingia London na kuwashangaza wanamuziki wa mji huo. Freddie alikwenda kumtazama mara nyingi, akamchora, akajifunza jinsi alivyovaa na jinsi alivyosimama.

Hendrix mwenyewe alikuwa ameonja shubiri ya kuwa kundi la utangulizi. Julai 1967, akiwa ametoka tu kulitikisa tamasha la Monterey katika jimbo la California, aliwekwa kusindikiza ziara ya The Monkees, kundi lililoundwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni na kupendwa na wasichana wadogo. Wasichana hao walikuja na wazazi wao. Hawakuwa na haja na gitaa lake lililonguruma, na alipokuwa akipiga, wao waliliita jina la Davy Jones, mwimbaji wa The Monkees. Baada ya siku chache Hendrix aliomba kuachiwa aende zake. Ili kuficha aibu hiyo, ikasambazwa habari ya kubuni kwamba chama cha wanawake wahafidhina kimelalamika dhidi yake. Ukweli ulikuwa mwepesi zaidi: aliletwa mbele ya umati usiokuwa wake, na hakukuwa na aliyeuandaa umati huo kumpokea.

Freddie, kwa upande wake, hakuwa mtazamaji mtulivu. Rafiki zake wawili, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, walikuwa na kundi dogo lililoitwa Smile. Aliwafuata kwenye maonyesho yao, na akiwa amesimama miongoni mwa watazamaji aliwapigia kelele za ushauri, akiwaambia kwamba laiti yeye angekuwa mwimbaji wao angewaonyesha jinsi kazi inavyofanywa.

Mwaka 1970 alipata alichokitaka. Mwimbaji wa Smile alijitoa, Freddie akachukua nafasi yake. Yeye ndiye aliyelipa kundi jina jipya la Queen, na wakati huo huo akaacha jina la Bulsara na kujiita Mercury. Tarehe 18 Septemba mwaka huo Hendrix alifariki dunia jijini London. Freddie na Roger, waliokuwa na kibanda cha kuuzia nguo katika soko la Kensington, walikifunga siku hiyo kwa maombolezo. Mwaka uliofuata alijiunga John Deacon, mpiga gitaa la besi, na wanne hao hawakubadilika tena kwa miaka ishirini.

Nusu saa ya kuazima

Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka Julai 1973 na haikuuzwa kwa wingi. Kundi lisilojulikana lilikuwa na njia moja tu ya kuwafikia watu wengi kwa haraka, nayo ni kukubali kusindikiza ziara ya wakubwa. Novemba mwaka huo Queen wakaanza safari ya kuzunguka Uingereza wakiwa kundi la utangulizi la Mott the Hoople, waliokuwa wamepata umaarufu mkubwa mwaka uliotangulia kwa wimbo wa All the Young Dudes waliotungiwa na David Bowie. Ziara ilianzia Leeds tarehe 12 Novemba na kufikia kilele London katikati ya Desemba, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon.

Maisha ya kundi la utangulizi yana taratibu zake, na hazijabadilika sana hadi leo. Kundi kuu ndilo hupima vyombo kwanza na kwa muda linaoutaka. Wanaosindikiza hupewa dakika zinazobaki, na siku nyingine hawapewi kabisa. Vyombo vya wenye shughuli huwa vimekwisha kupangwa, hivyo wageni hujibana mbele yake, kwenye ukanda mwembamba wa jukwaa. Taa nyingi huhifadhiwa kwa ajili ya baadaye. Milango inakuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, watu wanatafuta viti vyao, wengine wako baa, na wengine bado wamo kwenye foleni nje. Mwimbaji anaimbia migongo.

Kisha kuna umati wenyewe. Mtu aliyeweka akiba wiki nzima ili amwone mwimbaji anayempenda huona kila dakika ya mwingine kama dakika aliyoibiwa. Hana chuki naye, maana hata jina lake halijui. Lakini kiu yake haimruhusu kusikiliza. Akiwa mpole hupiga soga. Akiwa mkali huanza kuliita jina la kundi alilolifuata, na akiwa amelewa hutupa chochote kilichomo mkononi.

Mercury, mwenye umri wa miaka 27, aliingia katika hali hiyo akiwa amevaa hariri na kupaka rangi kucha, akitembea jukwaani kana kwamba ukumbi mzima ulijengwa kwa ajili yake. Baadaye alieleza kwamba kuwa kundi la utangulizi ni mojawapo ya mambo yaliyomtesa mno maishani. Hata hivyo, hakuyaonyesha mateso hayo mbele ya watu. Alitambua kwamba mwenye nusu saa hawezi kungoja kuzoeleka. Nyimbo zilipaswa kufuatana bila mapengo, jicho la mtu wa safu ya nyuma lilipaswa kunaswa mapema, na kila ishara ya mkono ilipaswa kuonekana kutoka mbali. Hata kile kishikio cha kipaza sauti alichokivunja kwa bahati mbaya katika siku za mwanzo hakukitengeneza. Alibaki na kipande cha juu, akakigeuza kuwa fimbo ya kifalme, na kikawa alama yake hadi mwisho.

Mashabiki wa Mott walianza kugeuka. Mji baada ya mji, watu waliokuwa wakiingia ukumbini kwa kuchelewa wakaanza kuingia mapema. Kati ya makundi hayo mawili hakukuwa na uhasama. Ian Hunter, mwimbaji wa Mott, na wenzake waliwapokea vijana wale kwa ukarimu, nao Queen hawakulisahau jambo hilo.

Kuzomewa Sunbury

Ushindi wa Uingereza haukuvuka bahari pamoja nao. Januari 1974 Queen walisafiri hadi Australia kushiriki tamasha la Sunbury, karibu na Melbourne. Lilikuwa tamasha la wazi, la watu waliokaa siku kadhaa juani wakinywa bia na kuwashangilia wanamuziki wa nyumbani kwao. Vijana wanne kutoka London, wasiojulikana, waliwasili na taa zao wenyewe na wakataka kupanda jukwaani giza likishaingia ili taa hizo zionekane. Kwa waandaaji na mafundi wenyeji, hayo yalikuwa majivuno ya wageni.

Siku ilikuwa mbaya kwa kila hali. Mkono wa Brian May ulikuwa umeharibika kutokana na chanjo aliyochomwa kwa ajili ya safari, na Mercury alikuwa na maambukizi ya sikio yaliyomzuia kujisikia vizuri anapoimba. Aliyewatambulisha kwa umati alifanya hivyo kwa kejeli, na umati ukawazomea. Inasimuliwa kwamba Mercury hakuinamisha kichwa. Aliuahidi umati ule kwamba watakaporejea Australia, Queen litakuwa kundi kubwa kuliko yote duniani. Kisha walifunga mizigo na kurudi Uingereza mapema kuliko walivyopanga.

Ni rahisi leo kuisoma ahadi hiyo kama utabiri uliotimia. Siku ile ilikuwa maneno ya kijana mgonjwa aliyezomewa mbali na kwao, asiye na wimbo hata mmoja uliokuwa umevuma. Kwa Waswahili, kutangulia si kufika. Mercury alikuwa ametangulia jukwaani, lakini kufika kulikuwa bado.

Safari ya Marekani iliyokatika

Majuma machache baadaye bahati ilianza kugeuka. Wimbo wa Seven Seas of Rhye uliingia katika nyimbo kumi bora za Uingereza, albamu ya pili ikatoka Machi 1974, na Queen wakafanya ziara yao wenyewe nchini humo, iliyofika katika ukumbi wa Rainbow jijini London tarehe 31 Machi. Wangeweza kukaa nyumbani na kuufurahia umati ambao sasa ulikuwa wao. Badala yake, Aprili walikwenda Marekani kurudi chini tena: kundi la utangulizi la Mott the Hoople, wakianzia Denver, Colorado, mbele ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina lao.

Mwezi Mei walifika New York, ambako Mott walikuwa na maonyesho kwa siku kadhaa mfululizo katika ukumbi wa Uris, eneo la Broadway. Huko safari yao ikakatika. Brian May alishikwa na homa ya ini, na kundi zima likalazimika kurejea Uingereza huku Mott wakiendelea na miji iliyobaki bila wao. Akiwa kitandani, May aliona kama amewaangusha wenzake wakati mlango ulikuwa unafunguka. Baadaye mwaka huo aliandika wimbo wa Now I'm Here, unaoikumbuka ziara hiyo na kuwataja Mott, shukrani isiyo ya kawaida kutoka kwa wasindikizaji kwenda kwa wenyeji wao.

Kurudi Hammersmith

Mwishoni mwa mwaka 1975 wimbo wa Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Mercury, ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza na kukaa hapo kwa wiki tisa. Usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1975, Queen walipanda jukwaa la Hammersmith Odeon, na BBC ikalitangaza onyesho hilo moja kwa moja kwa televisheni na redio. Ulikuwa ukumbi ule ule ambamo miaka miwili tu kabla walikuwa wamewafungulia Mott njia. Safari hii taa zote zilikuwa zao.

Mwaka 1976 walirejea Australia na kujaza kumbi. Tarehe 18 Septemba mwaka huo, siku ileile ambayo Hendrix alikufa miaka sita kabla, waliimba bila kiingilio katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 150,000 au zaidi.

Sasa walikuwa wao wanaosindikizwa. Mapema mwaka 1977 waliizunguka Marekani pamoja na Thin Lizzy, kundi la Ireland lililoongozwa na Phil Lynott. Thin Lizzy hawakuwa wachanga. Walikuwa na nyimbo zilizovuma na walipanda kila usiku kwa nia ya kuwapokonya Queen watazamaji, kama vile Queen walivyofanya kwa Mott. Ushindani huo uliwafaa wote wawili, na watazamaji waliowahi mapema walipata maonyesho mawili kwa tiketi moja.

Chupa zilizorushwa kwa jina lake

Lakini umati uliokua pamoja na Queen haukurithi kumbukumbu ya Queen. Hilo lilidhihirika mwaka 1982.

Mwaka huo kundi lilitoa albamu ya Hot Space, iliyoacha magitaa mazito na kuegemea muziki wa dansi wa Wamarekani weusi. Mashabiki wengi wa zamani hawakuipenda. Wakati huo huo, katika ziara ya Ulaya, Queen walisindikizwa na Bow Wow Wow, kundi la vijana wa Uingereza lenye midundo ya ngoma, ambalo mwimbaji wake, Annabella Lwin, mzaliwa wa Burma, alikuwa bado kijana wa chini ya miaka ishirini. Baadhi ya mashabiki wa Queen waliwarushia chupa. Bow Wow Wow waliondoka katika ziara hiyo kabla haijaisha, na nafasi yao ikachukuliwa na kundi la roki nzito lililoushabihi zaidi ulio kuwa mtazamo wa umati.

Tarehe 5 Juni 1982, katika uwanja wa Milton Keynes Bowl nchini Uingereza, yalijirudia. The Teardrop Explodes, kundi kutoka Liverpool lililokuwa na sifa zake, lilipokewa kwa chupa kutoka kwa watu waliokuwa wakiwangoja Queen. Jioni hiyo Mercury aliulizia umati wake mwenyewe utulivu kuhusu nyimbo mpya, akiwaambia kwa utani wenye uchungu ndani yake kwamba zile ni nyimbo tu na hakuna haja ya kuhamaki kiasi hicho.

Kuna jambo la kutafakari hapo. Msichana mzaliwa wa Asia, aliyekulia Uingereza, alifukuzwa kwa chupa na watu waliodai kumpenda mwanamume mzaliwa wa Zanzibar, mwenye asili ya India, ambaye naye alikuwa amezomewa Sunbury. Waliorusha chupa hawakujiona kuwa wakatili. Walijiona waaminifu. Waliamini kwamba kumkataa mgeni ni namna ya kumheshimu mwenyeji, ilhali mwenyeji mwenyewe ndiye aliyemwalika mgeni huyo. Tena mashabiki wale wale ndio waliokuwa wakiukataa mwelekeo mpya wa kundi lao. Asiyetaka kusikia kipya kutoka kwa mgeni, hatimaye hataki kukisikia hata kutoka kwa ampendaye.

Dakika ishirini za Wembley

Miaka miwili iliyofuata haikuwa ya fahari. Oktoba 1984 Queen walikwenda kuimba Sun City, katika eneo la Bophuthatswana nchini Afrika Kusini, wakikiuka mgomo wa kiutamaduni dhidi ya ubaguzi wa rangi. Walitozwa faini na chama cha wanamuziki cha Uingereza na kulaumiwa vikali, lawama iliyokuwa nzito zaidi kwa mtu aliyezaliwa Afrika. Wengi walidhani zama za kundi hilo zimekwisha.

Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, kwa ajili ya kuwachangia wahanga wa njaa nchini Ethiopia. Katika uwanja wa Wembley walikusanyika watu wapatao 72,000. Tiketi nyingi zilikuwa zimekwisha kununuliwa kabla Queen hawajatangazwa kushiriki. Orodha ilikuwa ndefu, kila msanii akiwa na dakika zisizozidi ishirini hivi. Hapakuwa na muda wa kupima vyombo, wala giza la kuzipa taa maana, maana Queen walipangiwa kabla ya saa moja jioni, jua la kiangazi likiwa bado juu.

Kwa kundi lililozoea kuwa na usiku mzima, masharti hayo yangekuwa adhabu. Kwa Mercury yalikuwa ni nyumbani alikotoka: umati usio wake, muda wa kuazima, taa zisizosaidia. Wasanii wengi siku hiyo waliutumia muda wao kama watu mashuhuri wanaotoa salamu. Queen waliingia mazoezini kwa siku kadhaa mjini London, wakazifupisha nyimbo zao na kuzifunga pamoja zisiwe na pengo, kama kundi changa linalojua kwamba halitapewa nafasi ya pili.

Alianza kwenye piano, alikoanzia Panchgani, kisha akasimama na kuchukua kipande chake cha fimbo. Hakuudai umati, aliupa kazi. Aliupa makofi ya kupiga pamoja katika Radio Ga Ga, na mikono ikainuka hadi safu za mwisho kabisa. Aliutupia sauti bila maneno, nao ukamrudishia sauti ile ile, mara ndefu, mara fupi, kama mwimbishaji na waitikiaji wake. Aliposhuka, watu waliokuja kwa ajili ya wengine walikuwa wakimzungumzia yeye. Hadi leo onyesho hilo la dakika 21 hutajwa miongoni mwa maonyesho makubwa kabisa katika historia ya muziki wa roki.

Aliyefungua njia akaja kuaga

Mwaka uliofuata Queen walifanya ziara ya mwisho na Mercury, iliyomalizika Knebworth tarehe 9 Agosti 1986, mbele ya watu wasiopungua 120,000. Hakupanda tena jukwaani na kundi lake kwa onyesho kamili. Alikuwa akiugua UKIMWI, siri aliyoitunza hadi tarehe 23 Novemba 1991, alipoitangazia dunia. Kesho yake alifariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45.

Tarehe 20 Aprili 1992 wanamuziki walikusanyika Wembley kumuaga na kuchangisha fedha za kupambana na ugonjwa uliomwua. Tiketi ziliisha kwa saa chache, kabla hata majina ya washiriki hayajatangazwa. Safari hii umati wa watu 72,000 ulikuja kwa ajili ya mtu ambaye hangeweza kutokea, na kila aliyepanda jukwaani, hata awe mashuhuri kiasi gani, alikuwa msindikizaji wake.

Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja wa kazi hiyo ambaye vijana wengi uwanjani hawakumfahamu. Alikuwa Ian Hunter wa Mott the Hoople. Pamoja na David Bowie, Mick Ronson na wanamuziki watatu wa Queen waliobaki, aliimba All the Young Dudes, wimbo uleule ambao mwaka 1973 ulikuwa ukiwangojewa na watu huku Freddie Mercury, asiyejulikana, akiimbia migongo yao.

Umati haukumrushia chupa wala kuliita jina la mwingine. Ulimsikiliza hadi mwisho, ukaimba pamoja naye. Deni la usiku zile za Leeds na Hammersmith likawa limelipwa, mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kwamba liliwahi kuwapo.